Ankara Namba 412

Osorno, Julai. Mvua haijui Jumapili.
Mimi, Eduvigis Oyarzún, mwenye msumeno na madeni,
nimeketi mbele ya jiko la kuni
nikiisoma karatasi moja kwa mara ya ishirini:

paleti elfu mbili za msonobari,
zimegongwa misumari, zimekaushwa kwa joto, zimepigwa muhuri,
zimepokelewa Puerto Montt, zimetiwa saini.
Peso milioni kumi na nane.
Malipo: baada ya siku tisini.

Samoni wao wamekwisha kulala juu ya mbao zangu,
wamevuka bahari, wameliwa kwa limau
na watu wasiojua Osorno iko wapi.
Mimi bado nangoja.
Mimi ni tajiri wa karatasi.

Dawa ya deni kulipa, najua.
Lakini chupa ya dawa imo kabatini mwa mdeni wangu
na ufunguo anao yeye.
Mzee Schwalm hauzi ubao kwa ahadi.
Serikali imekwisha kudai kodi
ya fedha ambayo sijaigusa hata kwa kucha.
Nolberto ana mtoto wa tatu njiani,
Yasna haombi kitu, ndiyo maana namwogopa zaidi.
Ijumaa haina siku tisini.
Ijumaa ina siku saba tu, kisha inagonga mlango.

Benki waliniuliza kuhusu nyumba,
kuhusu shamba, kuhusu mume, kama ninaye, na kama hapana, kwa nini.
Nikatoka na mwavuli wa mtu mwingine.

Jumanne nikapanda ngazi juu ya duka la viatu.
Kijana Catrileo, tai imempinda,
hakuniuliza habari za mume.
Aliuliza habari za samaki:
"Hawa huwa wanalipa?"
"Wanalipa," nikasema. "Wanachelewa, lakini wanalipa."
Akaigeuza ankara yangu kwenye mwanga
kama mtu anayekagua yai.

Tisini katika mia, kesho.
Kumi inabaki kwake mpaka kampuni ilipe,
na katika hiyo kumi atakata ujira wake,
zaidi ya nusu, nilihesabu mara mbili.
Na wasipolipa kabisa?
Hapo karatasi inarudi kwangu
kama mtoto aliyefukuzwa shule,
na fedha nairudisha.
Alilisema hilo bila kuinamisha macho. Nikampenda kidogo.

Mama hakupenda.
"Baba yako hakuuza deni hata siku moja."
Kweli, Mama.
Baba alifunga karakana
akiwa na daftari lililojaa fedha,
kila jina kwa mwandiko mzuri, kila tarakimu imenyooka,
na hatukuwa na mafuta ya taa ya kulisomea.

Subira huvuta heri, nakubali.
Lakini msumeno wangu huvuta umeme.
Basi nimeiuza subira. Nimeiuza kwa bei,
na bei iliuma, sitasema uongo:
paleti mia na ushee
nilizigonga bure, kwa ajili ya kupita kwa wakati.

Ijumaa nikawalipa wote saba, noti mkononi.
Nolberto alihesabu, akahesabu tena,
kisha akacheka mwenyewe akaenda kuwasha mashine.

Ankara 413 sikuiuza. Ilikuwa ndogo, nikaingoja.
Ya 414 niliiuza.
Ya 415, nikamwambia mnunuzi wao kwa simu:
siku thelathini, au tafuteni mbao kwingine.
Alinyamaza muda mrefu.
Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kunyamaziwa nikiwa na njaa.
Tukakutana kwenye arobaini na tano.

Siku ya tisini na tisa Catrileo akapiga.
"Ile 412 wamelipa. Njoo uchukue masalio yako."
Nilikuwa na misumari mdomoni.
Ilibidi nikumbuke, kwanza,
412 ilikuwa ipi.